Vitunguu Vilivyokatwa Langoni

Mwacha asili ni mtumwa. Ndivyo walivyonena wahenga, na wengi wetu tuliisikia methali hii tukiwa bado tunafutwa kamasi. Tukakua tukidhani inamsema mtu aliyehama kwao, au aliyebadili mavazi, au aliyejifunza kula kwa uma. La hasha. Mtu anaweza kuhama, akavaa tai, akala kwa uma hata uji, na asiwe ameacha kitu. Asili ni wale watu ambao ukiulizwa, "Hawa ni nani wako?" huna budi kujibu ukweli. Anayewakana hao hapati uhuru aliodhani ataupata. Hupata bwana mpya, na bwana huyo humtuma kutwa kucha. Asiyeamini na asikilize habari za Meneja na mama yake.

Mama mwenyewe alijulikana kwa jina la Mama Mwiko. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi wa shule ya bweni, akikoroga chakula cha wanafunzi mia sita kwa mwiko uliomfika kifuani. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake, na ulimi usiojua kupita kando. Marehemu mumewe, aliyekuwa seremala, alimwachia watoto wawili, sufuria moja nzito ya chuma, na desturi moja ya nyumbani.

Desturi hiyo waliiita Kesho Yake. Kila baada ya karamu, nyama ya kuokwa iliyobaki haikutupwa, wala haikupashwa moto kivivu. Siku ya pili ilitolewa mifupani kwa kisu na kukatwa vipande vidogo kama kucha ya kidole gumba, na ole wake aliyetaja mashine ya kusagia. Mifupa ilichemshwa mpaka ikatoa supu nzito. Vitunguu, vingi mpaka mgeni akadhani kuna aliyekosea hesabu, vilikaangwa polepole mpaka vikawa na rangi ya chai kavu. Viazi vilichemshwa, vikapondwa, vikalainishwa kwa supu ile. Kisha vyote vilipangwa ndani ya sufuria nzito: viazi chini, nyama na vitunguu katikati pamoja na pilipili manga na siki kidogo, viazi tena, na juu kabisa chenga za mkate wa jana. Sufuria ilifunikwa, makaa yakawekwa chini yake na juu ya kifuniko, na hakuna aliyeruhusiwa kufunua kabla ya wakati. Chini ya sufuria kiliganda kitu chekundu kitamu ambacho watoto walikipigania. Yule wa kiume alikipigania kwa bidii kiasi kwamba nyumbani hakuitwa jina jingine ila Ukoko.

Lakini sharti kubwa la Kesho Yake halikuwa la upishi. Marehemu alikuwa ameona kwamba hakuna karamu isiyozaa ugomvi. Basi akaamuru kwamba waliogombana kwenye karamu ndio wakate vitunguu, kwenye ubao mmoja, uso kwa uso. "Machozi yakianza," alikuwa akisema, "nani atajua ya kitunguu ni yapi?" Na likafuata sharti dogo: asiyekata, hali.

Ukoko akakua, akasoma, akaajiriwa na kampuni ya vifaa vya ujenzi, na hatimaye akapandishwa cheo kuwa meneja wa ghala kuu. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia jina jingine ila Meneja. Alihamia nyumba yenye lango la chuma, katika mtaa uliotulia kiasi kwamba hata mbwa walibweka kwa zamu. Jumamosi moja akafanya karamu ya kuifungua nyumba hiyo. Alikodi viti sitini, akakodi turubai, akakodi mpishi mwenye kofia nyeupe ndefu.

Mama Mwiko alikaa meza ya familia na kumtazama mwanawe. Alimwona akimkimbilia Mkurugenzi wa kampuni na kiti, kisha na mto wa kiti, kisha na maji yenye barafu, kisha na maji yasiyo na barafu. Alimwona akimuuliza mpishi wa kukodi kama anaweza kuingia jikoni, jiko lake mwenyewe, na mpishi akamwambia asubiri. Nyama ilipopita, wageni walikula wakajilamba. Mwenye nyumba hakuonja hata kipande, na katika viti vile sitini hakukalia hata kimoja. Mama alitaka kumwita akae ale. Akajizuia, kwa sababu siku ya mtu ni siku yake.

Saa nane mchana jenereta likazimika na muziki ukafa. Aliyenyanyuka ni dada mkubwa wa Meneja, aliyeitwa Fundi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake: alitengeneza injini za malori na mashine za kila aina. Alikunja mikono ya gauni lake jipya la kijani, akainama nyuma ya nyumba, na baada ya dakika kumi jenereta likanguruma. Akanawa, lakini mafuta ya injini hayatoki kwenye kucha kwa maji matupu. Aliporudi mezani, mdogo wake alimshika kiwiko akamwongoza mpaka meza ya madereva, kando ya mapipa.

"Kaa huku, dada. Huku kuna upepo."

Fundi alikaa. Huenda yangeishia hapo. Lakini Mkurugenzi alikuwa ameona, naye akauliza kwa wema tu, "Yule mama wa gauni la kijani ni nani?"

"Yule?" alisema Meneja. "Ni fundi wa jenereta tu."

Fundi alikuwa ameinuka kufuata chakula, naye alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Aliweka sahani chini taratibu, akachukua mkoba wake, akatembea mpaka nje ya lango. Mama yake alimfuata mbio. Fundi alikuwa hatoi machozi, na hilo ndilo lililomtisha mama.

"Sitakanyaga ndani ya lango hili," Fundi alisema, "mpaka aliyenitoa anirudishe kwa mkono wake. Na kesho saa kumi jioni lori linanichukua, mama. Nitakuaga mapema nyumbani kwako."

Lori hilo lilikuwa la kampuni iliyojenga bwawa, mbali sana, na mkataba wa Fundi ulikuwa wa miaka miwili. Mama Mwiko aliwajua wanawe. Huyu hakuwa mtu wa kupiga simu kwanza, na yule hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa simu. Ugomvi ukilala miaka miwili, unaamka ukiwa ugeni. Palikuwa na nafasi moja tu ya kuutibu, nayo ilikuwa Kesho Yake, kesho yenyewe, kabla ya saa kumi.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, Meneja alimkuta mama yake jikoni akikusanya nyama iliyobaki kwenye masinia.

"Mama, naomba jambo moja. Kesho usipike kile chakula."

"Kile kipi? Kina jina."

"Mama, tafadhali. Mkurugenzi anarudi kesho saa saba na mkewe, kula chakula cha mchana kwa utulivu. Mpishi ataoka paja jipya. Sitaki nyumba inuke vitunguu, na watu wakubwa hawali makombo."

"Makombo ni yale yanayobaki kwenye sahani za watu, baba. Hii ni nyama iliyobaki kwenye sinia, haijaguswa na mtu. Nimepika miaka thelathini na mmoja. Usinifundishe tofauti."

"Nikiikuta nyama hii hapa kesho, naimwagia sabuni. Nakwambia kabisa, mama."

Mama Mwiko alimtazama mwanawe kuanzia viatu hadi tai. "Haya," akasema.

Waliomjua Mama Mwiko walijua kwamba "haya" yake si kukubali. Mara tu Meneja alipotoka, alitia nyama yote, na mifupa yake, ndani ya kopo kubwa kuukuu la biskuti, akalisukuma ndani kabisa ya friji nyuma ya chupa za maji. Kisha akafua kile kitambaa cheupe chenye pindo jekundu ambacho siku zote kilifunika nyama ya Kesho Yake, akakianika kwenye kamba ya jikoni. Watoto wake walikijua kitambaa kile kama wanavyoijua sura yake.

Alilala hapohapo kwa mwanawe, na asubuhi ya Jumapili akampigia Fundi simu.

"Niletee sufuria yangu na visu viwili."

"Mama, nimeapa."

"Umeapa kutoingia. Nimekwambia uingie? Lete mpaka langoni."

Mpishi wa kukodi alikuwa amefika alfajiri na jiko lake la kuokea. Kufikia saa nne paja lilikuwa tayari, jekundu, linang'aa kwa mafuta. Akaliweka mezani jikoni lipumzike, akatafuta kitu cha kulifunikia nzi wasitue juu yake, akaona kitambaa safi kwenye kamba. Akakilowesha, akafunika vizuri, akatoka kwenda kuzima makaa yake.

Mama Mwiko alikuwa ameketi uani akimenya viazi, bila kujificha, aliposikia mlango wa jikoni ukibamizwa. Akaingia. Alimkuta Meneja amesimama mezani, shati jeupe, tai shingoni, ameipindua chupa ya sabuni ya kuoshea vyombo juu ya kitambaa chenye pindo jekundu. Aliibinya mpaka ikatoa ule mlio wa chupa iliyokwisha.

"Nilikwambia, mama," alisema. "Nilikwambia kabisa."

Mama Mwiko alilitazama umbo lililokuwa chini ya kitambaa. Lilikuwa refu na nene, na nyama yake haikuwa na umbo lile. Alivuta kigoda akakaa.

"Uliniambia, baba. Sasa funua umwone uliyemwogesha."

Meneja akafunua. Paja la Mkurugenzi lilikuwa limelala pale likitoka povu.

Mpishi aliingia wakati huohuo. Akaangalia paja, akaangalia chupa, akaangalia tai ya Meneja. Alikuwa mtu wa heshima zake, hakupaza sauti. "Mimi nimepika kwenye nyumba nyingi," alisema, "lakini sipiki mahali ambapo nyama inafuliwa." Akavua kofia yake, akapakia jiko lake kwenye gari, akaondoka.

Bucha za mtaa huo zilikuwa zimefungwa, kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Meneja alipiga simu hoteli ya kwanza, haikupokelewa. Ya pili ilikuwa na harusi. Ya tatu ikaahidi chakula saa kumi jioni. Akaiweka simu chini na kukaa sakafuni na suruali yake iliyopigwa pasi. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, ndiye aliyesema.

"Mama, ile nyama ya kwenye kopo la biskuti bado ipo?"

Meneja alinyanyua kichwa. "Kopo gani?"

"Nililiona tangu jana usiku," mkewe alimjibu. "Nikanyamaza. Na mimi naipenda."

"Ipo," alisema Mama Mwiko. "Lakini haipikwi humu. Nyumba isije ikanuka vitunguu."

"Mama..."

"Nyamaza, Ukoko. Nimekusikiliza tangu jana, sasa nisikilize wewe. Kuna watu wawili wamegombana kwenye karamu hii, na mmoja wao kaapa haingii ndani. Basi chakula kitatoka kumfuata. Shika meza upande huo."

Mama Mwiko akawaamuru, nao wakatii. Meza ya jikoni ilibebwa mpaka langoni, lango likafunguliwa wazi kabisa, na meza ikawekwa pale katikati, miguu miwili ndani na miguu miwili barabarani. Jiko la makaa likawekwa kando yake. Mtaa mzima wa watu watulivu ulitulia zaidi. Mapazia yakaanza kusogea. Mlinzi wa nyumba ya jirani alitoka na kiti chake.

Fundi alifika na sufuria begani na sanduku lake la spana mkononi, kwa kuwa lori sasa lingemchukulia hapo. Aliiona meza, akamwona mdogo wake amesimama upande wa ndani amejifunga aproni ya mkewe juu ya tai, akasimama upande wa nje. Hakuamkia wala hakuamkiwa. Mama akaweka ubao katikati, akaweka vitunguu kumi na vinne, akampa kila mmoja kisu.

"Aliyegombana anajijua," akasema, na yeye mwenyewe akageukia nyama.

Walikata. Visu viligonga ubao, na mama akaendelea kuitoa nyama mifupani. Kitunguu cha tatu kilipokwisha, Fundi alitupa jicho upande wa pili.

"Unakata kitunguu au unakipigia mhuri?"

Meneja hakucheka, lakini kisu chake kililegea kidogo. "Jana nilisema..."

"Najua ulichosema. Nilikuwepo."

"Niliogopa, dada."

"Uliogopa nini? Mafuta ya kwenye kucha? Kucha hizi ndizo zilizokufunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule, ukilia kama umepelekwa jela."

"Niliogopa atauliza swali la pili." Macho ya Meneja yalikuwa yameanza kuvimba. "Nikisema ni dada yangu, angeuliza baba alikuwa nani, mama alifanya kazi gani. Na habari za mama nilishamjibu. Nilimwambia alikuwa mwalimu mkuu wa shule ile."

Kisu cha Mama Mwiko kilisimama juu ya mfupa. Iliuma, tena iliuma sana, kuliko ile sabuni na kuliko neno makombo. Akakumbuka asubuhi zote zile za saa kumi alfajiri, moshi machoni, na mwiko ule kifuani. Halafu hasira ikaja ikamkausha machozi kabla hayajatoka.

"Mwalimu mkuu," alisema, "alikuwa akisimama mlangoni kwangu na sahani, akisubiri nimwambie chakula kimeiva. Miaka thelathini na mmoja hakuna mtoto aliyelala na njaa nikiwa zamu. Ukiulizwa tena mama yako alikuwa nani, useme mpishi, na useme kwa sauti. Mimi sijawahi kukuonea haya hata siku ulipojikojolea mbele ya mgeni rasmi."

Mlinzi wa jirani akaangua kicheko, akajifanya anakohoa. Fundi aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Meneja alikuwa akilia waziwazi sasa, kisu mkononi, machozi yakidondoka kwenye aproni.

"Kitunguu hiki kikali," alisema Fundi, akijifuta kwa mkono wa gauni.

"Kikali," alikubali mdogo wake. "Nisamehe, dada."

"Kata kwanza. Bado vinane."

Wakakata vyote ila kimoja, kidogo, ambacho mama alikiweka pembeni. Mama Mwiko akakaanga palepale, harufu ikatambaa mtaa mzima ikiingia kwenye madirisha bila kubisha hodi. Mke wa Meneja alileta viazi na supu ya mifupa, wakaponda, wakapanga tabaka zao, wakamwaga chenga za mkate, wakafunika. Makaa yakawekwa chini na juu. Sufuria ilikaa pale katikati ya lango, nao wakasubiri. Fundi alikuwa bado yuko upande wa barabara. Mdogo wake alikuwa ameomba radhi, lakini mkono hakuwa ameunyoosha.

Saa saba kasoro dakika tano gari jeusi likakata kona, likaja polepole, likasimama mbele ya meza. Dereva akapiga honi. Akapiga tena.

"Toeni vitu njiani," aliita. "Mkurugenzi anaingia."

Meneja alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Kulisogeza jiko lilikuwa jambo la dakika moja. Kuisogeza meza, dakika nyingine. Na kando ya meza, palepale gari lilipotaka kupita, alikuwa amesimama dada yake. Mama Mwiko aliongeza makaa juu ya kifuniko. Alikuwa amesema yake yote, na lililobaki halikuwa la mama.

Fundi alifuta kisu chake kwenye kitambaa. "Vipi," alisema kwa upole, "fundi wa jenereta asogee?"

Meneja alimtazama dada yake. Kisha akaizunguka meza, akatoka barabarani na aproni yake ya maua, akainama kwenye dirisha la gari.

"Karibu, Mkurugenzi. Karibu, mama. Gari halitapita kwa sasa. Sufuria iko motoni, na ikishafunikwa haiondolewi."

Kioo kilishuka hadi mwisho. Mkurugenzi alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya taratibu. "Kuna nini hapa, Meneja? Umefiwa? Macho yako..."

"Nimekata vitunguu. Mkurugenzi, jana nilikudanganya. Yule ni dada yangu, tumbo moja. Ndiye aliyelitengeneza jenereta, na ndiye mkubwa wangu. Na huyu ni mama yetu. Hakuwa mwalimu mkuu. Alikuwa mpishi wa shule."

Mke wa Mkurugenzi alikunja pua. "Na chakula ni nini?"

"Kiporo," alisema Meneja, na akasema kwa sauti, mpaka mlinzi wa jirani akasikia. "Nyama iliyobaki jana. Kwetu hiki ni chakula cha watu wa ndani, wageni huishia kwenye karamu."

Mama Mwiko alikuwa ameshafika dirishani, kisu mkono mmoja na kitunguu kimoja mkono mwingine. "Karibuni sana, wanangu," alisema. "Sharti letu ni moja tu, asiyekata hali. Nimewabakizia hiki. Kidogo, kinagawanyika."

Mkurugenzi alikitazama kile kitunguu. Akaitazama meza, na mapazia ya majirani, na suti yake. Pengine siku nyingine, bila mke kando, angeshuka. "Leo nina miadi mingine, mama," alisema. "Meneja, tutaonana kesho kazini." Kioo kikapanda. Gari likarudi kinyumenyume mpaka kwenye kona, likapotea.

Hapo mke wa Meneja ndiye aliyeingiwa na hofu. "Na kesho je? Akikushusha cheo?"

"Nitaripoti saa mbili kamili kama kawaida," alisema mumewe. "Ameniajiri nipange ghala lake. Hakuniajiri nipange upya ukoo wangu."

Akaivua tai ile akaitia mfukoni. Akamwendea dada yake, akamnyooshea mkono. "Ingia ndani, dada. Mimi ndiye niliyekutoa."

"Mkono wenyewe unanuka vitunguu."

"Na wako una mafuta."

Fundi akaushika. Wakaingia wamebeba sufuria pamoja, kila mmoja na sikio lake, mpaka kwenye meza mpya ya chakula iliyokuwa bado imevaa nailoni ya dukani. Mama Mwiko aliichana nailoni kwa kisu bila kumuuliza mtu, akaifunua sufuria, na nyumba yote ikanuka vitunguu. Meneja alivuta kiti akakaa. Alikula sahani ya kwanza, akala ya pili, na mama yake akakumbuka kwamba tangu jana asubuhi mtoto huyu hakuwa ametia kitu tumboni. Sufuria ilipofika chini, vijiko viwili viligongana juu ya ukoko.

"Mwachie, Fundi," alisema mama. "Leo kautolea jasho."

"Nusu," alisema Fundi. "Kwenye bwawa hakuna ukoko." Wakagawana nusu kwa nusu, na mlinzi wa jirani naye akapelekewa sahani, kwa kuwa alikuwa amesogea akamenya viazi viwili vya mwisho bila kuombwa.

Saa kumi lori la bwawa likafika langoni. Mama Mwiko alimpa binti yake kopo la biskuti lenye fungu alilomtengea, zito na la moto, lililofungwa kwa kile kitambaa chenye pindo jekundu, kimefuliwa mara tatu kuondoa sabuni. Alimkumbatia kwa muda mrefu. Miaka miwili ilikuwa bado ni miaka miwili, lakini sasa ilikuwa ya safari tu.

Nyuma yao alikuja Meneja, shati limekunjamana, aproni bado iko kiunoni, sanduku la spana begani likimwinamisha upande. Mapazia ya mtaa yalikuwa wazi yote.

Dereva wa lori alimtazama, akamgeukia Fundi. "Na huyu ni nani wako?"

Fundi alimwangalia mdogo wake kuanzia viatu hadi aproni. "Huyu?" alisema. "Ni mchukuzi wa mizigo tu."

Meneja alicheka mpaka sanduku likataka kumponyoka, akaliinua lorini kwa mikono miwili, kisha akamwambia dereva, kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu, "Mimi ni mdogo wake. Naitwa Ukoko."

Lori likaondoka. Mama Mwiko akabaki langoni na mwanawe, akakiokota kile kitunguu kimoja kilichokataliwa, akakitia mfukoni kwa ajili ya karamu nyingine, kwani kweli mwacha asili ni mtumwa, na aliyeirudia hubeba hata sanduku la spana huku akicheka.